Mstari wa Mke Halali

Kisangani, Kabondo
14 Januari 2024

Papa Édouard, mkwe wangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba yote. Ni mimi Guelord, mchomelea vyuma wa hapa Kabondo, ambaye binti yako Benie anakaa naye huu mwaka wa tisa. Najua unanijua, lakini barua yako ya mwisho ilinikanya kwamba mwandishi hujitambulisha kwanza, kwa hiyo nimejitambulisha.

Ningepiga simu, ila mtandao wa Ubundu unajua mwenyewe, halafu mkwe hampigii baba mkwe simu kwa jambo zito. Wewe ulishasema simu haina sahihi. Barua hii anakuletea Sadrack wa pikipiki, akishavuka mto upande wa Lubunga. Umpe maji ya kunywa, njia ni mbovu.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa mtaani wamefungua ofisi ya mutuelle, inaitwa Tujikinge, na nasikia hata huko kwenu wana tawi. Mtu anachanga mwanzoni mwa mwaka akiwa mzima, akiugua anaonyesha kadi tu. Majirani wananicheka, wanasema Guelord analipia ugonjwa ambao hata haujamwona. Waache wacheke. Mwaka jana mwanetu Trésor aliungua na homa siku nne huku mimi nikizunguka kukopa, na sitaki kuzunguka vile tena.

Nilikaa na karani wao, Mama Chantal, asubuhi nzima, nikimwuliza maswali mpaka akaniletea kiti. Kuna kadi mbili. Ya kijani ni ya kituo cha afya peke yake: malaria, kikohozi, sindano, kujifungua kwa kawaida. Ya buluu inafika mpaka hospitali kubwa: kulazwa, kuongezewa damu, kupasuliwa. Ya buluu ina mchango mkubwa zaidi kwa kila kichwa. Nimechagua ya buluu kwa watu wetu wote watano, kwa sababu ugonjwa wa kituo cha afya naweza kupambana nao mwenyewe, lakini wa hospitali kubwa utanishinda. Wewe ni mtu wa vitabu, kama nimekosea unirekebishe.

Shida iko kwenye mstari mmoja wa fomu: "Mke halali." Watoto nimewaandika bila shida, na mama yangu pia. Kwa Benie wanataka cheti cha ndoa, au barua ya baba yake inayosema mahari imepokelewa yote. Hakuna njia nyingine. Tena Mama Chantal aliniambia: "Papa Guelord, mutu mumoja hawezi kuwa mu karte mbili. Tukikuta jina mara mbili, tunafuta yote." Mlango wa kujiandikisha unafungwa tarehe 31 Machi.

Najua mbuzi wawili wa mahari bado, na baiskeli ya Tonton Jérémie bado. Sijasahau hata siku moja. Nakuomba tu barua hiyo, Papa, na hayo mengine nitayaleta kwa mikono yangu.

Mkwe wako,
Guelord


Ubundu
26 Januari 2024

Kwa Guelord,

Barua yako nimeipokea. Safari hii makosa ni machache, endelea hivyo hivyo.

Sadrack amekunywa maji na amekula wali na mboga ya pondu, kwa hiyo usiseme hatukumpokea.

Kuhusu mutuelle, umefikiri kama mtu mzima. Hata mimi hapa shuleni nimewaandika walimu wangu wote, na wengine niliwavuta kwa nguvu. Kadi ya buluu ndiyo. Ya kijani ni ya mtu anayedhani atachagua ugonjwa wake.

Lakini barua unayoniomba sitaiandika. Mimi ni mkuu wa shule mwaka wa ishirini na mbili. Watoto wakiandika uongo nawarudisha nyumbani wakalete wazazi. Leo niandike kwa mkono huu kwamba mahari imepokelewa yote, na Tonton Jérémie, kaka yake mama wa Benie, bado anatembea kwa miguu? Nimesikia umenunua mashine mpya ya kuchomelea. Sikulaumu, mashine ni kazi. Ila mashine imenunuliwa, baiskeli haijanunuliwa, na hiyo tumeiona wote.

Umeandika "mke wangu" mara ngapi katika moyo wako sijui, kwenye karatasi hujaandika hata mara moja. Vizuri. Benie bado ni mtoto wa nyumba yangu, na mtoto wa nyumba yangu hutunzwa na nyumba yangu. Hilo usinifundishe.

Mama Clothilde anawasalimia wajukuu zake. Anauliza kama Gracia ameota meno ya mbele.

Édouard
Mkuu wa shule


Kisangani, Kabondo
4 Februari 2024

Papa Édouard, mkwe wangu mheshimiwa,

Nimekuelewa, na sitarudia kuomba. Mkwe haulizi mara mbili.

Nimefunga fomu yangu. Kadi ya buluu, watu wanne: mimi, mama yangu, Trésor, Gracia. Nafasi ya Benie nimekuachia wewe kama ulivyosema, umwandike kwako, maana majina mawili yangefutana. Nimemwambia naye kwamba yuko kwenye kadi ya baba yake. Alifurahi kuliko nilivyotegemea, mpaka nikaona wivu kidogo.

Meno ya Gracia yameota, na la kwanza amelitumia kumng'ata kaka yake.

Guelord


Kisangani, Kabondo
25 Februari 2024

Papa,

Ni Benie wako. Huku tuko wazima. Biashara ya makayabu sokoni inakwenda, ingawa samaki wa chumvi wamepanda bei na wateja wananilaumu mimi kana kwamba bahari ni yangu.

Nina habari. Nina mimba, mwezi wa nne sasa. Guelord ameambiwa, mama yake alijua kabla yangu. Kama ni msichana ataitwa Clothilde, mwambie mama asimwambie mtu.

Guelord ameniambia umeniandika kwenye kadi yako ya buluu. Papa, asante. Sikusema kamwe, lakini hii miaka nimekaa kama mtu aliyesimama mlangoni, huku hawajaniingiza na kwetu nimeshatoka. Nilipojua kwamba jina langu lipo mahali fulani limeandikwa na wewe, nililala vizuri.

Unitumie namba ya kadi kwa mkono wa Sadrack. Uzazi wa Gracia ulikuwa mgumu, unakumbuka, na mkunga alisema safari nyingine nijifungulie hospitali kubwa. Nataka namba iwe imefungwa kwenye kitambaa changu, nisihangaike siku ile.

Mtoto wako,
Benie


Ubundu
12 Machi 2024

Binti yangu Benie,

Tumefurahi. Mama yako alicheka, akaenda nyuma ya nyumba akalia, akarudi akacheka tena. Jina tumelipokea.

Kula vizuri. Usibebe mabeseni ya makayabu kichwani, mwache mtu mwingine abebe. Ukivimba miguu nenda kituo cha afya mara moja, usisubiri mtu akwambie.

Kuhusu kadi, usiwe na wasiwasi. Mambo ya kadi ni mambo ya wanaume wawili, yako mikononi mwa wenyewe, na kila kitu kitakuwa mahali pake kwa wakati wake. Wewe tunza afya tu. Ikifika siku ya kuzaa, Guelord anajua njia ya Ubundu, na anajua kinachopaswa kutembea naye.

Nakuombea kila asubuhi kabla ya kengele ya shule.

Papa yako,
Édouard


Kisangani, Kabondo
28 Julai 2024

Papa Édouard,

Najua Mama Clothilde alishakwambia kwa simu, na najua alikata kabla hujajibu. Yuko hapa kwetu tangu wiki iliyopita. Naandika kwa sababu wewe ndiwe uliyesema simu haina sahihi, na mimi nataka haya yawe na sahihi yangu.

Benie alishikwa na uchungu alfajiri ya tarehe 17. Saa mbili asubuhi tulikuwa hospitali kubwa. Daktari alimpima akasema mtoto amekaa vibaya, apasuliwe mara moja. Muuguzi alikuwa mwema, simlaumu. Alichukua orodha ya Tujikinge, akanitazama, akasema: "Kwenye kadi yako yeye haiko." Nikasema najua, yuko kwenye kadi ya baba yake, Ubundu, mkuu wa shule, tafuta vizuri. Akatafuta, akaniita nione kwa macho yangu. Papa, nilisoma jina lako. Nilisoma jina la Mama Clothilde. Nilisoma majina ya wadogo zake Benie wawili. Halafu ikaanza familia nyingine.

Benie alikuwa amelala pale kwenye kitanda cha magurudumu, anasikia. Aliniuliza, "Guelord, hawanioni?" Nikamwambia karani anachelewa tu, wataliona.

Waliniandikia vya kununua: nyuzi, dawa ya usingizi, glavu, damu chupa mbili, na rehani ya kulazwa. Nilikupigia mara kumi na moja. Nilikwenda kwa bosi wa mabati anayenipa kazi, hayupo. Nilikwenda kanisani, wakanipa walichokuwa nacho. Mwishowe nilifunga mashine ya kuchomelea kwenye pikipiki nikamuuzia jirani ambaye aliitaka siku nyingi, kwa bei aliyotaja yeye. Niliporudi na vitu vyote ilikuwa saa nane na nusu. Walimpasua saa tisa.

Alikuwa msichana. Alifanana na Mama Clothilde kwenye paji la uso. Hakulia.

Benie yu hai. Alipoteza damu nyingi, anatembea kwa kushika ukuta. Mtoto nilimzika mimi, sikusubiri ruhusa ya mtu. Wazee wa upande wako watasema mtoto ambaye mahari ya mama yake haijaisha si wangu wa kuzika. Waje waseme hapa nyumbani kwangu, nitawasikiliza.

Uliandika kwa mkono wako kwamba mtoto wa nyumba yako hutunzwa na nyumba yako. Barua ninayo. Nakuuliza swali moja, na najua mkwe haulizi: jina lake lilikuwa wapi?

Guelord


Ubundu
11 Agosti 2024

Guelord, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Wanafunzi wako likizo, shule iko kimya, na sina kisingizio cha kazi.

Umeuliza, nitajibu. Jina la Benie nililiandika. Tarehe 9 Februari, siku nne baada ya kupata barua yako ya pili, nilikaa hapa mezani na fomu ya Tujikinge. Nikaandika mama yao, nikaandika Benie, halafu wadogo zake. Kadi ya buluu. Wino ulikuwa bado haujakauka alipoingia Tonton Jérémie. Akasoma juu ya bega langu. Akasema: "Unamuandika kama nani? Mutoto? Iko na batoto wawili. Ukimuandika hapa, yule kijana atasema bon, bokilo, baba ya muke, analipa yote, mali ya ndoa ya nini tena. Mbuzi tutaiona wapi? Na mimi velo yangu?" Alisema pia kwamba watu wa ofisi wangejua binti wa mkuu wa shule amekaa miaka tisa bila kuolewa.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Si mbuzi, Guelord. Mbuzi ninao. Nilichukua rula nikapiga mstari juu ya jina lake, mstari ulionyooka, kama ninavyopiga daftarini juu ya jina la mtoto aliyehama shule. Nikaandika fomu nyingine safi.

Barua yako ilisema wazi kwamba umeniachia nafasi yake. Nilisoma, nilielewa, nikanyamaza. Nilipopata barua ya Benie kwamba ana mimba, mlango wa kujiandikisha ulikuwa bado wazi kwa mwezi mzima. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri mimba hii ndiyo itakayokuleta. Ikikaribia siku ya kuzaa utaona kadi haipo, utaogopa, utakuja Ubundu na mbuzi na baiskeli, tutacheka, nitatoa barua, nitachanga mwenyewe. Nilikuwa nimeshafikiri hata maneno ya kukukaribisha. Sikufikiri kwamba kuzaa hakusubiri mtu apande pikipiki.

Siku uliyopiga simu nilikuwa mkutanoni Lowa, hakuna mtandao. Lakini hata ningepokea ningekuambia nini?

Mama Clothilde hajaniambia neno tangu aliponipigia simu nikiwa njiani kutoka Lowa. Siku chache alizobaki hapa kabla ya kuja huko alikuwa ananipikia, anaweka sahani, anatoka nje. Nilizoea kumsahihisha kila akizungumza, miaka thelathini. Sasa ningetoa chochote anene nami hata kwa makosa.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi uliyoiomba Januari. Mahari imepokelewa yote, nimetia sahihi na muhuri wa shule. Tonton Jérémie amekataa kusaini kama shahidi, nimesaini mwenyewe mara mbili. Ni uongo, na ndiyo barua pekee niliyopaswa kuandika.

Umefanya vizuri kumzika. Ni mtoto wako.

Édouard


Kisangani, Kabondo
1 Septemba 2024

Papa,

Nimepokea karatasi. Nimekaa nayo siku tatu bila kumwonyesha mtu.

Nilikusudia kukujibu kwa ukali. Nilishaandika ukurasa mzima, tena mzuri. Kisha Trésor akanikuta naandika, akauliza naandika nini, nikamwambia namweleza babu yako ukweli. Ndipo nikaona sijauandika.

Papa, katika barua yangu ya kwanza nilisema hakuna njia nyingine. Njia ilikuwepo. Siku ile ile Mama Chantal aliniambia: "Kama bokilo anakataa, leta chef wa avenue na batu wawili wa kushuhudia. Tutaandika 'anaishi naye', ni sawa tu, karte ni ile ile ya buluu." Kazi ya nusu saa. Chef wa avenue yetu, mkuu wa mtaa, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sikwenda. Chef ni mtu wa kabila letu la Wagenia, alitega samaki na marehemu baba yangu. Ningesimama mbele yake, aandike kwa kalamu kwamba Benie si mke wangu, ni mwanamke anayeishi nami. Nikaona haya. Watu wote wa avenue wanajua, yeye mwenyewe anajua, watoto wanajua, lakini karatasi ilikuwa haijasema. Nikasema afadhali nimwombe baba yake barua, akikataa itakuwa shauri lake. Na uliponijibu vile, nilishukuru moyoni. Nilijua neno lako linaweza kusomwa namna mbili. Nililichagua lile lililonipunguzia mzigo.

Kwa hiyo wewe ulikuwa na mwezi mmoja, mimi nilikuwa na miezi miwili na nusu. Kila siku nilipita mbele ya mlango wa chef nikienda kazini, tunasalimiana.

Benie sijamwambia. Anakaa kwa mama yangu, kule kwa wavuvi, tangu Mama Clothilde arudi kwenu. Amesema anataka kulala mahali ambapo maji yanapiga kelele. Naenda kila jioni na watoto, anatupokea, anatupa chakula, ananiuliza habari za kazi kama anavyomwuliza mgeni. Kazi yenyewe siku hizi nachomea kwa mashine ya mtu mwingine.

Ikifika Januari nitamwandika wa kwanza. Buluu. Nawe usijisumbue.

Guelord


Kisangani
22 Januari 2025

Papa, na Guelord,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja Sadrack anaipeleka Ubundu, nyingine nimeiweka kwenye mfuko wa koti la kazi la Guelord. Nimewachanganya kwa makusudi, maana miaka hii yote mlikuwa mnaandikiana juu yangu, nami niko hapo hapo napanga makayabu.

Barua zenu nimezisoma. Guelord anazificha, zako Papa na nakala za zake, ndani ya kopo la vijiti vya kuchomelea, kana kwamba katika nyumba yangu kuna kopo nisilolijua. Nimezisoma zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, siku moja ya Desemba nilipopitia nyumbani yeye akiwa kazini.

Papa, umeandika kwamba hukuona haya kwa ajili ya mbuzi, uliona haya kwa ajili yangu. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine. Miaka tisa nilidhani una hamu ya kuniona. Kumbe ulikuwa unanificha. Nakusamehe, lakini itachukua muda, nitakuambia nikimaliza.

Guelord, chef wa avenue alikuja kuniona hospitali. Aliketi pale akashika kofia yake, akasema, "Mama Benie, kwa nini hamukuniita?" Nilidhani ni maneno ya kunifariji tu. Sasa najua alikuwa anauliza kweli.

Nami nina langu, msidhani nimekuja kuwahukumu. Papa, ulipoandika tarehe 12 Machi hukuweka namba ya kadi. Nilikuwa nimeomba namba, ukanipa maombi. Mimi nakujua, nilisoma kwako darasa la tano na la sita, ukitaka kutoa kitu unakitoa na tarehe yake. Nilisoma barua ile mara tatu, na mara ya tatu nilijua sipo. Ofisi ya Tujikinge ninaiona kutoka kwenye meza yangu ya sokoni. Ningevuka barabara nikauliza. Nilisema moyoni, nikiuliza nikakuta sipo, nitawaaibisha wanaume wawili. Nikakaa. Wateja walikuja, nikapima samaki. Nilikaa siku kumi na tisa mpaka mlango ukafungwa. Nyinyi mnahesabu miezi yenu, mimi hizo siku kumi na tisa ninazijua moja moja.

Sasa sikilizeni ya wiki hii. Jumatatu Mama Chantal amenitumia mtu sokoni, niende haraka. Nimefika, ameweka fomu mbili mezani. Moja imetoka Ubundu: Benie, binti, kadi ya buluu, na muhuri wa shule. Nyingine imetoka Kabondo: Benie, mke halali, kadi ya buluu, na barua ya mahari imebanwa nyuma. Mmeniandika wote wawili. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, na hakuna aliyeniuliza mimi. Mama Chantal akasema, "Mama, majina mbili yanafutana. Unabaki mu karte ya nani?"

Nilicheka, Papa. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mwaka jana sikuwa na nafasi hata moja, mwaka huu ninazo mbili na bado ningefutwa.

Nilimwuliza kama mwanamke anaweza kuchukua fomu yake mwenyewe. Akasema, "Inawezekana siku zote. Ulikuwa hujui?" Hapana, sikujua. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na wanaume wawili wa kunisemea, nikadhani hiyo ndiyo bima.

Nimeomba anifute kwenye zote mbili. Nimechukua fomu mpya, nimechangia kwa pesa ya makayabu. Kadi ya buluu. Mkuu wa familia: mimi. Trésor na Gracia nimewahamishia kwangu, Guelord, usikasirike, kwako amebaki mama yako, na wewe mwenyewe. Nitarudi nyumbani Jumamosi. Nimekaa kwa mama yako vya kutosha, na watoto wanahitaji mtu wa kuwapigia kelele. Mbuzi mkipenda pelekeni, baiskeli mkipenda nunueni, hiyo ni adabu yenu na siizuii. Ila msiniandike tena mahali popote bila kuniita nisimame hapo.

Fomu ni ndefu. Mama Chantal alikuwa anauliza, mimi najibu, yeye anaandika. Jina. Umri. Kazi. Nilijibu vizuri yote. Alipouliza watoto wangapi nikasema watatu. Akaandika tatu, akangoja majina. Nikamtajia mawili. Alibaki na kalamu juu ya mstari wa tatu, ananiangalia, na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema Clothilde.

Benie